Asali, Zaituni, Rehani, Tamari au Akeyo: umpe mtoto jina lipi kati ya haya ya vyakula?

Kwenye friji ya mdogo wangu, huko Buhongwa, Mwanza, kuna karatasi iliyobandikwa tangu mwezi wa tatu. Ilianza na majina kumi na saba. Wifi yangu ndiye aliyeweka sharti: jina liwe la kitu kinacholiwa au la mmea unaotoa kitu kinacholiwa, kwa sababu mimba hii, anasema, imemfungulia hamu ya kila kitu isipokuwa ugali. Tangu hapo kila mgeni anayekwenda kuchukua maji ya baridi anaongeza lake kwa kalamu. Mjomba aliandika Sato. Tukacheka, kisha mtu akapekua simu na kukuta kwamba huko Japani Sato ni jina la ukoo linaloongoza kwa wingi, basi mjomba akakataa katakata lisifutwe. Lilifutwa usiku, alipoondoka.

Yamebaki matano, na kila moja lina mwenyewe. Asali ni la wifi. Zaituni ni la bibi yetu mzaa mama, Mwislamu wa mjini, aliyezaliwa Mwanza na kuzeekea Mwanza. Rehani ni la mdogo wangu. Tamari limeletwa na mama, ambaye aliolewa na Msukuma wa Magu na kumfuata kanisani. Akeyo limetoka Rorya, kwa mama yake wifi, Mjaluo. Mtoto ni wa kike, wameshaambiwa, na anatarajiwa mwishoni mwa Juni. Mimi ni shangazi mtarajiwa, nikakabidhiwa kazi ya kuyapima majina haya bila kupendelea upande. Nayaandika hapa kwa kuwa najua kuna friji nyingine zenye karatasi kama hii.

Tumeyapima kwa nini

Kwanza maana, na si ile ya kamusi peke yake. Namaanisha ile anayoisikia mtu aliyekaa nyuma yako kwenye benchi la kliniki jina linapoitwa. Pili, sauti. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumbani kwetu Mabatini mama anaita akiwa juu ya jiwe hili na mtoto yuko nyuma ya jiwe lile, na jina lisilofika humrudisha mtoto nyumbani giza limeshaingia. Hapohapo kuna suala la midomo: mtoto huyu atakuwa na ndugu wa Magu ambao kila r kwao ni l, na ndugu wa Rorya ambao z na sh kwao huwa s. Tatu, utani: ule wa darasa la pili, na ule wa kijiwe cha bodaboda akishafika miaka kumi na saba. Nne, karatasi, yaani cheti, shule na kitambulisho, pamoja na majina ya baba na babu yatakayofuata nyuma.

Uzuri sikuuweka kwenye vipimo. Kila jina lililopo pale ni zuri kwa aliyeliandika, na ukitaka kuujua ugomvi wa kweli mwambie bibi mzaa mama kwamba jina lake si zuri.

Maana

Asali haina haja ya tafsiri. Nyuki wanaitengeneza, watu wanaipenda, na hapa mjini muuzaji akitaka uiamini chupa yake atakuambia imetoka Tabora. Biblia ina nchi ijaayo maziwa na asali, Kurani ina mito ya asali peponi katika Surat Muhammad. Wasukuma wana neno lao, buki, ambalo baba alilipendekeza kwa dakika mbili hivi, hadi mdogo wangu alipomkumbusha kwamba mtaani buku ni shilingi elfu moja.

Zaituni ni tunda la mzeituni. Bibi ana aya yake kichwani: sura ya 95 inaanza kwa kiapo cha tini na zeituni. Mama akamjibu kwa Mwanzo 8, njiwa akimrudia Nuhu jioni na jani bichi la mzeituni mdomoni. Kwa hiyo hapa dini haikuleta shida. Ila mti wenyewe sisi watu wa ziwa hatuujui. Zeituni tunaijua kwa chupa ya mafuta ya bei mbaya dukani, au kwa kile kichupa cha mafuta ya upako.

Rehani lina mambo. Kwa Kiarabu raihani ni mmea wenye harufu nzuri, na Surat Ar-Rahman inautaja kati ya neema. Kwa Kiswahili ni mrehani, wa jamii moja na kivumbasi ambacho huku tunakitumia kufukuzia mbu. Majani yake yanaingia kwenye chai na kwenye mchuzi, na kinamama wa Pwani huyatia kwenye vikuba pamoja na asumini. Mdogo wangu alilipenda kwa harufu hiyo tu. Lakini Kiswahili kina rehani ya pili, ile ya kuweka shamba rehani, kuweka nyumba rehani, kuweka pikipiki rehani. Maneno haya mawili hayana undugu wowote. Hata kwa Kiarabu, h ya mmea na h ya deni ni herufi mbili tofauti. Kwetu yamekutana yakawa pacha. Bibi aliposikia jina kwa mara ya kwanza aliuliza: "Mjukuu wangu amewekwa rehani kwa deni la nani?"

Kwenye Tamari nilikaa kuliko nilivyopanga. Ni jina la Kiebrania, maana yake mtende, na ni ndugu wa neno la Kiarabu tamr, yaani tende. Neno hilohilo likatembea hadi kwenye ukwaju: Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya Kihindi, na Wazungu wakatengeneza jina lao la ukwaju kutokana na hilo. Kwa hiyo binti aitwaye Tamari ana mkono mmoja kwenye sahani ya futari na mwingine kwenye bushishi, ukwaju wa ndugu zetu wa Magu. Bibi, ambaye mwanzoni alilikataa kama jina la kanisani, aliposikia habari ya tende alinyamaza, na kunyamaza kwa bibi si jambo dogo.

Ila Tamari wa Biblia ni watatu, na mzazi awajue wote kabla hajaamua. Wa kwanza ni mkwe wa Yuda katika Mwanzo 38, mjane aliyedai haki yake kwa ujasiri, na ndiye anayetajwa kwenye ukoo wa Yesu katika Mathayo 1. Wa pili ni binti wa Daudi katika 2 Samweli 13, aliyebakwa na Amnoni, nduguye kwa baba. Wa tatu yuko sura inayofuata: binti wa Absalomu, aliyeitwa jina lilelile la shangazi yake. Mimi, kama shangazi, huyo wa tatu alinigusa. Wifi yeye alisimama kwenye yule wa pili na hakutaka kuendelea.

Akeyo si jina la tunda, ndipo tukabishana kama linastahili kuwepo kwenye karatasi. Kwa Kijaluo keyo ni kuvuna, na Akeyo ni msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno. Mvulana ni Okeyo. Mama mkwe wa mdogo wangu alimaliza ubishi kwa simu, sauti imewekwa juu tusikie wote: "Bila kuvuna mtakula nini?" Utaratibu wake ni kwamba jina linatoka kwenye kilichokuwa kikitokea siku hiyo. Anayezaliwa wakati wa palizi ni Adoyo, wakati wa mvua ni Akoth, na anayezaliwa wakati wa njaa ni Akech. Wasukuma wanauelewa mwendo huu vizuri, wana Mabula na Kabula wao wa mvua. Uzuri wa jina la namna hii ni kwamba linabeba ukweli. Ugumu wake ni kwamba huwezi kulipanga. Juni mwishoni watu wako shambani wanavuna, sawa, lakini mtoto wa Oktoba hawezi kuitwa Akeyo kwa sababu tu mama yake amelipenda.

Sauti

Tulifanya jaribio Mabatini, jioni, mimi nikiwa juu na watoto wa jirani chini wakisikiliza. Akeyo ndilo lililofika mbali, ile o ya mwisho unaivuta unavyotaka. Zaituni nalo lina nguvu, lina silabi nne na mkazo wake uko pazuri. Asali lilifika, ila wa kwanza kugeuka alikuwa kijana anayetembeza chupa za asali kwenye beseni, akaanza kupanda kuja kwangu. Ikabidi ninunue.

Midomo ndiyo iliyotugawa. Kwa ndugu wa Magu, Rehani ni Lehani na Tamari ni Tamali. Kwa ndugu wa Rorya, Zaituni ni Saituni. Asali na Akeyo yanapita kila mdomo bila kukwaruzwa. Wengine hili haliwasumbui kabisa, na wana haki; nina rafiki aitwaye Rozimeri ambaye bibi yake alimwita Lozimeli hadi anafariki, na leo akisikia mtu anamwita hivyo macho yanamjaa.

Msisahau vifupisho, maana jina refu haliishi refu. Zaituni linakuwa Zai au Tuni, yote matamu. Akeyo linakuwa Keyo. Tamari linakuwa Tama, na Mswahili akisikia tama anamwona mtu ameshika shavu kwa huzuni. Rehani linakuwa Hani, na kwenda kuhani ni kwenda kutoa pole msibani. Asali halifupishwi.

Utani

Hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho kimenibadilisha mtazamo. Nilimuuliza mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu, majina gani ya vyakula yanachekwa. Akasema yale ya vitu vinavyouzwa wakati wa mapumziko: Karanga, Embe, Ubuyu. Zaituni je? Akafikiri. Amefundisha akina Zaituni wengi na hakumbuki hata mmoja aliyetaniwa kwa chakula. Sababu ni nyepesi: hakuna mtoto darasani anayekula zeituni. Kumbe jina la chakula linategemea umbali wake na sahani. Chakula kikiwa mezani kila siku, mtoto anaitwa chakula. Kikiwa mbali, anaitwa jina. Mwigizaji wa Marekani Gwyneth Paltrow alipompa bintiye jina Apple mwaka 2004 watu walicheka sana, kwa kuwa kule tofaa liko kwenye kila mkoba wa shule. Angemwita Zaituni wangemsifu.

Kwa kipimo hicho Asali ndilo lililo karibu zaidi na meza, nalo lina utani wa kila umri. Watoto watamwimbia "fuata nyuki ule asali". Wakubwa wana "kulamba asali", msemo ulioingia kwenye siasa zetu ukimaanisha mtu aliyenyamazishwa kwa vinono. Na kijiweni, binti aitwaye Asali hatamaliza mtaa bila kuambiwa neno. Wifi anasema atamlea mtoto wa kujibu. Inawezekana. Mimi nasema tu kwamba atajibu sana.

Rehani halina tatizo shuleni, darasa la pili hawana mikopo. Utani wake unakuja ukubwani, kwenye vikoba na benki: "Rehani, umeshagombolewa?" Ni utani wa upole, lakini ni uleule maisha yote. Tamari halina utani; lina swali, tena kwa wanaosoma Biblia tu. Akeyo halitaniwi kama chakula, ila mwenye jina azoee kuulizwa kama ni Mkenya, hasa akienda Dar es Salaam. Kwa mtoto wa Rorya hilo si geni. Kwa mtoto ambaye majina yake mengine ni ya Kisukuma litazaa mazungumzo marefu, na pengine mazuri.

Karatasi

Hili wengi hulidharau hadi mtoto afike kidato cha nne. Jina linaloandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA ndilo linalotakiwa kuonekana shuleni, kwenye mtihani na kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Kulirekebisha baadaye kunawezekana, ila ni viapo, ada na safari za kurudi kesho.

Nina binamu aitwaye Zaituni. Kadi ya kliniki iliandikwa Zaitun, cheti kikaandikwa Zeituni, shule wakaandika Zaituni, na kila aliyeandika alikuwa na hakika. Alipokwenda kuomba kitambulisho akaonekana ni watu watatu. Alizunguka ofisi moja hapa mjini kwa miezi, na kila akifika dirishani aliyemhudumia jana hayupo. Rehani lina hatari hiyohiyo, labda kubwa zaidi: Rehani, Rihani, Raihani, Rihana. Na ukiandika Rihana, jiandae mtoto aulizwe ataimba lini. Tamari linateleza kwenda Tamara. Akeyo wakati mwingine linaongezewa h mbele na karani anayeandika kwa kusikia. Asali lina herufi moja ya kuogopa: Asili.

Jaribuni pia jina likiwa na wenzake. Chukua Mabula, jina lililojaa Usukumani kote. Akeyo Mabula: mavuno na mvua, kama vile yalipangwa. Zaituni Mabula lina mdundo mzuri. Tamari Mabula linakwenda bila kelele. Asali Mabula linasikika kama jina la msanii, na sijui kama hilo ni sifa au lawama. Rehani Mabula, mdogo wangu mwenyewe alicheka.

Angekuwa wa kiume

Tungebaki na machache. Okeyo lipo palepale, na Raihani wapo wanaowapa wavulana. Ila mngeshangaa kilichojificha kwa Wakatoliki wetu: Fabiani linatokana na ukoo wa Kirumi wa Fabius, ambao tangu zamani umehusishwa na faba, aina ya maharage. Cicero, yule msemaji wao mashuhuri, jina lake linatoka kwenye dengu. Kanda ya Ziwa nzima kuna akina Fabiani na hakuna aliyewahi kuwatania kwa maharage. Umbali wa sahani, tena.

Nani achague lipi

Kama ndoa yenu ina dini mbili, au ukoo una Waislamu na Wakristo wanaokutana kila sikukuu, anzeni na Zaituni na Tamari. Zaituni wengi watalisikia kama jina la Kiislamu ingawa mzeituni uko kwenye vitabu vyote viwili. Tamari watalisikia kama la Kikristo ingawa tende ni ya wote. Chagueni kulingana na upande ambao mko tayari kuuelezea zaidi.

Kama mnataka jina ambalo mtoto akilitaja tu mtu anatabasamu, na nyumba yenu ni ya watu wa maneno, wanaojibu bila kukasirika, Asali litawafaa. Kama mama au baba ni mpole wa kuumia na utani, au mtoto atalelewa mbali nanyi kwa miaka ya shule, liwekeni liwe jina la nyumbani.

Kama mnapenda Rehani kwa sababu ya harufu na ya aya, andikeni Raihani au Raihana kwenye cheti. Mnabaki na mmea, deni linaondoka. Wanaoishi kati ya watu wanaojua Kiarabu kidogo hawataona tofauti yoyote. Wanaoishi kati ya watu wa mikopo wataiona kila wiki.

Tamari ni la wazazi ambao hawaogopi mtoto aje na Biblia mkononi akiwa na miaka kumi na kuuliza. Msilitoe kabla hamjaisoma 2 Samweli 13 mkiwa wawili, si mmoja.

Akeyo liende kwa mtoto wa mavuno mwenye bibi wa kumwambia lilikotoka. Kama hakuna Mjaluo kwenye ukoo, naona mngetafuta la kwenu. Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wahaya wote wana majina ya majira, na wazee wa kuulizwa wapo. Na kama ukoo una pande mbili zinazovutana kama wetu, moja linaweza kuwa la cheti na jingine la kuitwa nyumbani, ilimradi mkubaliane mapema lipi ni lipi, kabla mama mkwe hajashuka kwenye basi.

Lolote mtakaloshika, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na mkabidhi hicho badala ya kulitamka. Cheti kikitoka, kisomeni mkiwa bado mmesimama dirishani.